Imamu Ghazali na Maradhi ya Wasiwasi

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake.

Amma baad. Katika darsa zetu za usiku liko swali moja linalorudi mara kwa mara, na wanaouliza ni watu wa kila namna, vijana wa skuli na wazee, wenye mali na mafukara. Nalo ni hili: afanyeje mtu ambaye moyo wake haumpi raha? Akilala fikra zamjia, na akiamka azikuta zamngoja. Akishika kazi hawezi kuimaliza kwa kuwaza kuwa itaharibika. Akisimama kusali hajui kama amenuia au hakunuia. Wengine katika hao wamekwisha kwenda kwa waganga, wakapigiwa ramli, wakaambiwa wana pepo au wamefanyiwa uhasidi, wakanunua hirizi na kunywa makombe. Fedha zikenda na wasiwasi ukabaki, bali ulizidi, kwa kuwa sasa wamepata jambo jingine la kuliogopa.

Tumeona jawabu iliyo bora ni kueleza maisha ya mtu mmoja ambaye jina lake halimpotei Mwislamu aliyepata kukaa katika darsa, naye ni Imamu Abu Hamid Muhammad bin Muhammad Al-Ghazali, aliyepewa lakabu ya Hujjatul Islam. Watu wengi wadhani kwamba mtu mkubwa kama yeye hakupata kuonja wasiwasi. Kwa hakika aliuonja kuliko wengi wetu. Ulimfunga ulimi mbele ya wanafunzi wake, ukamzuilia chakula, hata matabibu wakakata tamaa naye. Wala hakuyaficha hayo. Aliyaandika kwa mkono wake katika kitabu kidogo kiitwacho Al-Munqidh min al-Dalal, alichokitunga katika miaka ya mwisho ya umri wake, na mengi katika tutakayoyaeleza yametoka humo.

UTOTO WAKE NA MASOMO YAKE

Alizaliwa mwaka 450 wa Hijra, sawa na 1058 wa Miladi, katika mji wa Tus, nchi ya Khurasan, mahali palipo karibu na Mashhad katika Iran ya leo. Yasimuliwa kwamba baba yake alikuwa fukara mwenye kusokota sufi na kuiuza dukani kwake, hakusoma, lakini akipenda sana kukaa na maulamaa. Alipohisi mauti yamekaribia aliwausia wanawe wawili, Muhammad na Ahmad, kwa rafiki yake mmoja mcha Mungu, akamwachia na akiba kidogo ya kuwasomeshea. Akiba ilipokwisha yule rafiki aliwaeleza watoto bila ya kuwaficha kwamba hana kitu, na kwamba lililo bora kwao ni kuingia madrasa ambako wanafunzi hupewa chakula. Wakaingia. Baadaye Ghazali alikuwa akikiri kwamba mwanzo wao katika elimu ulikuwa ni kutafuta riziki, na elimu yenyewe ndiyo iliyowavuta mpaka kwa Mwenyezi Mungu.

Kiko kisa kimoja cha ujana wake ambacho yafaa tukikumbuke. Alikuwa akirudi Tus kutoka Jurjan alikokwenda kusoma, na safarini wakavamiwa na wanyang'anyi. Wakachukua kila kitu, na pamoja na hicho mkoba uliokuwa na karatasi alizoandika masomo yake yote. Ghazali akawafuata nyuma, akimsihi mkubwa wao amrudishie karatasi zile tu, kwa kuwa hazina faida kwao na kwake ndiyo elimu yake. Mnyang'anyi akacheka, akamstaajabia mtu anayedai kuwa na elimu ambayo mwizi aweza kumwibia akabaki hana kitu. Kisha akamrudishia. Neno la mwizi lilimwingia kijana huyu moyoni, naye alipofika kwao alikaa miaka 3 akiyahifadhi yale aliyoyaandika hata ikawa hapana awezaye kumnyang'anya tena.

Hii ndiyo tabia aliyokuwa nayo tangu udogo: akishika jambo halali mpaka amelishika lote. Ni tabia njema katika kutafuta elimu. Lakini tabia hiyohiyo, ikigeuka ikaingia katika moyo, humfanya mtu asitulie mpaka apate yakini ya kila kitu, na yakini ya kila kitu hapana binadamu aliyepewa.

Akenda Nishapur, akasoma kwa Imamul Haramain Al-Juwaini, mwanachuoni mkubwa wa madhehebu ya Shafi'i katika zama zile, akawa naye mpaka sheikh wake alipofariki mwaka 478, yaani 1085. Kisha akenda kwenye kambi ya waziri Nizamul Mulk, ambako maulamaa walikuwa wakikusanyika na kushindana kwa hoja, naye akawashinda. Mwaka 484, yaani 1091, waziri huyo alimpa kiti cha kusomesha katika madrasa ya Nizamiya ya Baghdad. Alikuwa hajatimiza miaka 35.

Sisi watu wa pwani tuna deni kwake katika fiqhi. Miongoni mwa vitabu vyake ni Al-Wajiz, ambacho Imamu Rafi'i alikifanyia sharhe kubwa. Na huyu Rafi'i ndiye mwenye Al-Muharrar, ambacho Imamu Nawawi alikifupisha akatoa Minhaj, kitabu kinachosomeshwa misikitini mwetu tangu zama za babu zetu.

SHAKA YA MIEZI MIWILI

Kabla ya msiba ule mkubwa tutakaoueleza, Ghazali alipatwa na msiba mwingine uliokuwa kama utangulizi. Alitaka ajue ni jambo gani katika elimu yake lililo na yakini isiyoingiwa na shaka. Akaanza na macho. Akakiona kivuli kimesimama, naye ajua kwamba kivuli chatembea polepole bila ya kuonekana. Akaiona nyota ndogo kama sarafu, na hoja za hesabu zaonyesha ni kubwa kuliko ardhi. Basi akasema katika nafsi yake kwamba macho si ya kuaminiwa. Akaigeukia akili, nayo akaitia shaka, kwa kuwa mtu alalaye huota ndoto akaiamini, na akiamka ajua ilikuwa si kitu. Basi ni nani awezaye kumhakikishia kwamba maisha haya ya macho si usingizi wa namna nyingine?

Akakaa katika hali hiyo karibu miezi 2. Kila alipotaka kutengeneza dalili ya kumtoa, aliona kwamba dalili haitengenezeki ila kwa kutumia akili ileile aliyoitilia shaka. Alikuwa kama mtu aliyezama matopeni, kila akijitikisa hushuka. Kisha Mwenyezi Mungu alimponya, na yeye mwenyewe aeleza kwamba kupona kwake hakukuja kwa dalili iliyopangwa wala kwa maneno yaliyotungwa, ila kwa nuru aliyoitia Mwenyezi Mungu kifuani mwake. Akarudi kuiamini akili katika mambo yake ya awali yaliyo wazi, na akaendelea na kazi.

Msomaji aliweke jambo hili akilini. Mtu huyu alikuwa na akili iliyokuwa kali kuliko za wengi wa zama zake, na akili hiyo haikuweza kumtoa katika shimo ililolichimba yenyewe.

BAGHDAD, FAHARI NA KHOFU

Huko Baghdad alifika daraja ambayo hapana mwanachuoni kijana asiyeitamani. Wanafunzi wapatao 300 walikaa mbele yake. Imepokewa kwamba alipoingia mji huo watu waliyathamini mavazi yake na mnyama wake wa kupanda wakaona yafika dinari 500. Katika nafasi alizozipata baina ya kusomesha na kutunga alizisoma falsafa peke yake, bila ya mwalimu, kwa muda usiotimia miaka 2. Akakaa karibu mwaka mwingine akizirudia na kuzichungua, kisha akatunga Tahafut al-Falasifa, kitabu cha kuwajibu wanafalsafa, ambacho hata leo chasomwa Mashariki na Magharibi.

Lakini dunia iliyomzunguka ilikuwa ikitikisika. Mwaka 1092 waziri Nizamul Mulk aliuawa, na muda si muda Sultani Malik Shah naye akafa, na jamaa zake wakapigania ufalme. Mwaka 1094 khalifa Al-Muqtadi akafariki. Wako wanahistoria wasemao kwamba Ghazali aliogopa roho yake. Yeye mwenyewe ataja sababu nyingine, nayo ni nzito zaidi. Aliitazama kazi yake ya kusomesha, ambayo ndiyo bora ya kazi zake, akaiona nia yake si safi: lililomsukuma lilikuwa ni kutaka jaha na jina kuenea. Akajiona yuko ukingoni mwa shimo, na kwamba asipojitengeneza ataanguka Motoni.

MIEZI SITA YA KUGEUKAGEUKA

Hapa ndipo ulipo msiba wenyewe. Ilikuwa ni mwezi wa Rajabu, mwaka 488, sawa na Julai 1095. Kwa muda wa karibu miezi 6 Ghazali hakuweza kukata shauri. Leo aazimia kutoka Baghdad na kuziacha fahari zake; kesho alivunja azimio lile. Mguu mmoja autanguliza na mwingine aurudisha nyuma. Asubuhi moyo wake ukiitaka akhera kwa kweli, jioni jeshi la matamanio lilikuja likaushambulia na kuuvunja. Upande mmoja imani ikimwita asafiri, kwani umri uliobaki ni mchache na safari ni ndefu. Upande wa pili shetani akimwambia kwamba hali hii ni ya kupita tu, na kwamba akikiacha kiti hiki kisicho na mshindani huenda akakitamani tena asikipate.

Ni nani kati yetu asiyeijua hali hii? Kijana atafutaye kazi, baba aliye na deni, mama ambaye mwanawe yu safarini, wote waijua. Mtu huwaza jambo kutwa kucha, na kila akiliwaza halisogei. Adhani yuatafuta njia, kumbe azunguka kama ngamia wa kinu cha mafuta, aliyefungwa macho, aendaye siku nzima na jua likitua yuko palepale.

Kisha mambo yakatoka katika khiari yake. Ulimi wake ulifungwa. Alikuwa akijitahidi asomeshe japo siku moja ili kuziridhisha nyoyo za waliomjia, lakini hata neno moja halikutamkika. Huzuni ikaingia moyoni, na kutoka moyoni ikashuka mwilini. Tumbo likakataa chakula na kinywaji. Mchuzi haukumshuka kooni, wala tonge moja halikusagika tumboni. Nguvu zikamwisha. Matabibu waliitwa, wakamtazama, na mwisho wakaiacha dawa. Walisema kwamba jambo hili limeanzia moyoni ndipo likaenea mwilini, na kwamba hapana njia ya kulitibu ila moyo upumzike na hamu iliyoushika.

Na tuwasifu matabibu wale wa Baghdad. Hawakusema kwamba ana pepo, wala hawakumuuzia karatasi ya kufunga mkononi. Miaka zaidi ya 900 imepita tangu siku hizo, na bado katika miji yetu wako wasiofika daraja ile ya ufahamu.

HATUA MOJA

Alipoona kwamba ameshindwa, na kwamba khiari yake yote imeanguka, Ghazali alimkimbilia Mwenyezi Mungu makimbilio ya mtu aliyedhikika asiye na hila yoyote iliyobaki. Na yule amjibuye mwenye dhiki akamjibu. Moyo wake ukawa mwepesi kuyaacha yale yaliyomfunga: jaha, mali, watoto na marafiki.

Lakini mtu asidhani kwamba baada ya dua ile alikaa akingoja. Aliitenda hatua moja iliyokuwa mbele yake. Alitangaza kwamba akenda Makka, na moyoni ameazimia kwenda Sham, kwa kukhofia khalifa na marafiki wasije wakamzuia. Akaigawa mali yake, akabakisha kiasi cha kumtosha na chakula cha watoto wake. Naye afafanua kwamba mali ya Iraq ni wakfu kwa maslaha ya Waislamu, na kwamba hakuona duniani mali iliyo safi zaidi kwa mwanachuoni kuwalishia watoto wake. Hili twalitaja kwa makusudi, kwa kuwa wako watu wanaoacha wake zao na njaa wakasema wamekimbilia dini. Ghazali hakutoka mpaka amelipanga jambo la nyumba yake. Kiti chake cha kusomesha akakikalia ndugu yake Ahmad, na mwezi wa Dhul Qaada mwaka huohuo akatoka Baghdad.

Alifika Damascus. Huko akiingia msikiti wa Bani Umayya, akipanda mnarani, akijifungia mlango mchana kutwa, kazi yake ikiwa ni ibada na kuisafisha nafsi. Kisha akenda Baitul Muqaddas, akizuru Qubbat as-Sakhra. Akenda Al-Khalil, ulipo mji wa Nabii Ibrahim, na hapo akaweka ahadi 3 mwaka 489: asipokee mali ya sultani, asiingie kwa sultani, wala asifanye mijadala ya kushindana. Kisha akahiji, akamzuru Mtume.

Tuzitazame ahadi hizo 3. Mtu huyu alikuwa ameijua milango ambayo wasiwasi ulimwingilia, nayo ni mali ya wakubwa, ukaribu wa wakubwa, na kutaka kushinda mbele za watu. Hakukaa akipigana na kila fikra iliyoingia. Alikwenda akaifunga milango.

HAKUPONA MARA MOJA

Watu wengi wakieleza kisa hiki huishia hapo, wakasema kwamba Imamu aliiacha dunia na moyo ukatulia. Yeye mwenyewe hakusema hivyo. Aeleza kwamba maombi ya watoto wake yalimvuta kurudi kwao, ingawa alikuwa mtu wa mwisho kudhani kwamba atarudi. Akiwa huko aliendelea kupenda upweke, lakini misukosuko ya zama, shughuli za jamaa na dharura za maisha zilimbadilishia lengo na kumharibia utulivu, hata ikawa hali safi haimjii ila kwa nyakati mbalimbali. Pamoja na hayo, asema, hakukata tamaa nayo. Vikwazo vikimsukuma, naye akirudi. Akadumu hivyo karibu miaka 10.

Ndugu msomaji, haya ndiyo maneno yatupayo moyo kuliko yote katika kisa chake. Hujjatul Islam, baada ya mnara wa Damascus na baada ya Hija, alikuwa akishughulishwa na riziki na watoto kama wewe na mimi. Kupona kwake kulikuwa ni kurudi kila asukumwapo.

ALIYOYAFUNDISHA

Katika miaka hiyo ndimo alimotunga Ihya Ulum al-Din, chenye vitabu 40 vilivyogawanywa robo 4: ibada, mambo ya ada, yenye kuangamiza, na yenye kuokoa. Ndani yake alizungumza juu ya wasiwasi kwa ufahamu wa mtu aliyeugua, na tutataja matatu tu.

La kwanza, alifananisha moyo na ngome, na shetani ni adui atakaye kuingia. Hawezi kuilinda ngome ila aijuaye milango yake. Miongoni mwa milango hiyo alitaja hasira, uhasidi, tamaa, haraka, kuwadhania watu ubaya, na khofu ya ufakiri. Mwenye wasiwasi ajiulize kwa utulivu ni mlango gani ulio wazi kwake. Aghalabu ataona ni mmoja au miwili, wala si ulimwengu mzima kama ilivyomwonekea saa nane za usiku.

La pili, alizipanga fikra daraja kwa daraja. Kwanza ni fikra ipitayo moyoni bila ya mtu kuitaka, kisha ni nafsi kuielekea, kisha ni moyo kuihukumu kuwa itendwe, kisha ni kuazimia. Akabainisha kwamba zile mbili za mwanzo mtu hashikwi kwazo, kwa kuwa haziko katika khiari yake. Ni wangapi katika ndugu zetu wanaoteseka kwa fikra mbaya iliyowapitia msikitini, wakadhani wamekufuru! Fikra ipitayo si yako mpaka uikaribishe. Iache ipite kama apitavyo mtu barabarani mbele ya mlango wako.

La tatu ni wasiwasi wa udhu na sala, na hapa maneno yake yalikuwa makali. Alieleza kwamba masahaba walikuwa wepesi katika kutahirisha mwili na wazito katika kuutahirisha moyo. Walitembea bila viatu katika matope ya njiani wakasali, na Sayyidna Umar alitawadha kwa maji yaliyotoka katika chombo cha mwanamke wa Kikristo. Kisha wakaja watu waliogeuza mambo, wakatumia wakati wao wote katika maji na nyoyo zao zimejaa kiburi na ria. Na kuhusu nia, alisema kwamba asili ya wasiwasi wake ni upungufu katika akili au kutoijua sharia. Akapiga mfano wa mtu aliyeingiliwa na mwanachuoni akainuka kumheshimu. Kule kuinuka kwake kumekwisha kuwa na nia ndani yake. Lau angesimama akizihesabu sababu za kuinuka kwake moja baada ya moja kabla hajainuka, angehesabiwa ni mpumbavu. Na sala ni hivyohivyo: aliyesikia adhana, akatawadha, akasimama kuelekea kibla, huyo amekwisha nuia.

Twayaandika haya kwa sababu twawaona wenzetu kwenye birika la msikiti wakimwaga kata baada ya kata, na wengine wakirudia takbira ya kuhirimia hata imamu amerukuu. Wao wadhani hiyo ni takwa. Ni maradhi, na dawa yake ni elimu kidogo na ujasiri wa kuendelea mbele bila ya kurudia.

KURUDI KAZINI, NA KUFARIKI KWAKE

Mwaka 499, yaani 1106, waziri Fakhrul Mulk, mwana wa Nizamul Mulk, alimtaka asomeshe katika Nizamiya ya Nishapur. Ghazali aliwashauri watu wa moyo na wema, wakawafikiana kwamba atoke katika upweke. Safari hii hakukaa miezi 6 akigeukageuka. Alitaka shauri, akaazimia, akenda. Kazi aliyoirudia ilikuwa ni ileile ya kusomesha, lakini asema kwamba zamani aliisomesha elimu inayochuma jaha na sasa aisomesha elimu inayofundisha kuiacha jaha.

Baadaye alirudi Tus, akawa na madrasa ya wanafunzi na zawiya ya watu wa ibada jirani na nyumba yake, akizigawa saa zake baina ya Qur'ani, kusomesha na kukaa na watu wema. Aliitwa tena Baghdad kwenye kiti cha zamani, akakataa. Mwisho wa umri wake alijishughulisha na hadithi za Mtume, akizisoma sahihi mbili, ya Bukhari na ya Muslim.

Akafariki Jumatatu, tarehe 14 Jumada al-Thani, mwaka 505, sawa na tarehe 18 Desemba 1111. Imepokewa kwa ndugu yake Ahmad kwamba asubuhi ile alitawadha, akasali, akaitisha sanda yake, akaibusu na kuiweka juu ya macho yake, akajinyosha kuelekea kibla, na roho yake ikatoka. Mtu aliyepata kukosa kumeza tonge kwa khofu, mauti yalipomjia kwa hakika aliyapokea kama mtu apokeaye mgeni aliyemngoja.

TUCHUKUE NINI

Sisi hatusemi kwamba kila alilolifanya Ghazali ni la kuigwa. Maulamaa wameonya kwamba katika Ihya zimo hadithi dhaifu, na Hafidh Al-Iraqi, aliyefariki mwaka 806, alifanya kazi kubwa ya kuzibainisha, basi asomaye na asome pamoja na ubainifu huo. Wala si kila mtu amelazimika kupanda mnara. Wengi wetu mnara wetu ni rakaa mbili za usiku na mlango wa chumba uliofungwa kwa nusu saa.

Yaliyo ya kuigwa ni haya. Alikiri ugonjwa wake wala hakuuonea haya. Alikubali kutazamwa na matabibu. Basi aliyeshikwa na wasiwasi hata hali wala halali na aende hospitali, kwani kutafuta dawa ni katika Sunna, na daktari ajuaye kazi yake ni bora kuliko mpiga ramli elfu. Alipochoka na kuwaza alimlilia Mola wake. Kisha, na hili ndilo wengi hulisahau, aliondoka akatenda. Mwenye deni na aende kwa mwenye kumdai akazungumze naye. Aliyegombana na nduguye na aende akabishe hodi. Mwenye kuogopa mtihani na afungue kitabu ukurasa mmoja. Fikra huzunguka maadamu mtu amekaa, na hatua moja iliyo halali, japo ndogo, yatoa nuru ya kuionea hatua ya pili.

Na wasiwasi ukirudi kesho, kwani utarudi, usiseme kwamba hukupona. Kumbuka kwamba ulimrudia na Imamu miaka 10, naye akarudi kwa Mola wake kila mara.

Mwenyezi Mungu amrehemu Imamu Ghazali, azitulize nyoyo zetu kwa kumdhukuru Yeye, na atujaalie katika wale wajuao kisha wakatenda. Amin. Wabillahi tawfiki.